Barua Mia Nne kwa Ajili ya Kifuniko

3 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima, cherehani ndiyo mgonjwa, inaruka mshono kila ninapoigusisha kitambaa chepesi. Lakini leo sikuandikii habari za cherehani. Nakuandikia kama Mwenyekiti wa Masufuria, sisi wapenzi wa katuni ya Kifuniko, kwa hiyo kaa vizuri kwenye kiti.

Barua zimefika mia nne na kumi na mbili! Kituo chenu cha runinga kilipomkata Kifuniko katikati ya safari, mwezi wa kwanza, tulikuwa watu sita tu tukinung'unika hapa kwenye chumba changu cha kushonea. Sasa watu wazima, wengine wana wajukuu, wameshika kalamu kukitetea kifuniko cha kuchorwa kinachozunguka nyumba hadi nyumba kutafuta sufuria yake. Mshona Viatu, katibu wetu, bado anashikilia kwamba nyuma ya ule mlango wa mwisho kuna birika. Juzi nusura ashikane mashati na Mwalimu Mstaafu, anayeapa ni sufuria. Nikawaambia, jamani, kipindi kikirudi tutaona wenyewe, kwa sasa hakuna anayejua. Kifuniko amenyanyua mkono abishe hodi, ndani kunachemka kitu, halafu basi. Miezi minne mkono uko juu.

Uliniambia kikao cha kuamua kitakaa katikati ya Juni, na wakubwa wataangalia idadi ya barua zilizofika hadi mwisho wa Mei. Zikiwa nyingi, wanarusha zile sehemu kumi na tatu zilizobaki kwenye kanda. Zikiwa chache, kanda zinafutwa wakarekodie mpira. Basi sikutaka barua zetu zije mojamoja zikapotea njiani. Nimeshona mfuko wa turubai, mshono mara mbili, nikazitia zote humo, na jana nimeupeleka posta. Karani aliubeba kwa mikono miwili. Nilitaka wausikie uzito.

Wewe unajua kwa nini nahangaika hivi. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni mimi nilikuwa namtazama Kifuniko huku, Chiriku akimtazama huko kwa mama yake. Jumapili ananiandikia, Jumatano barua iko mlangoni. Tangu wamkate nimepata barua mbili tu, na ya mwisho, ya mwezi wa pili, ilikuwa mistari minne. Binti yangu wa kumzaa, miaka kumi na minne, ananiandikia kama anajaza fomu! Kifuniko akirudi, najua na yeye atarudi. Mfuko ukifika nijulishe siku hiyohiyo, roho yangu iko juu.

Kaka yako,
Fundi


11 Mei

Kaka, shikamoo.

Mfuko umefika, hata uzi mmoja haujafumuka. Watu wa mapokezi waliuweka sakafuni wakauzunguka, mmoja akaapa ni zulia la ofisi ya mkuu. Nikawaambia ni barua, wakacheka, kisha wakaona sicheki.

Nimeuandikisha mwenyewe kwenye daftari na kupiga mhuri. Uko kwenye kabati la masijala, na ufunguo ninao mimi. Kwa hiyo punguza wasiwasi, kaka, ule ushibe, na hiyo cherehani itie mafuta kabla hujailaumu.

Msalimie Mshona Viatu. Mwambie mimi niko upande wa Mwalimu.

Mdogo wako


11 Mei
(Hii haikutumwa. Ilibaki kwenye droo ya masijala.)

Kaka,

Nimeandika barua nyingine leo, nimeifunga, na sina raha nayo. Acha niandike hii sasa, nione kama mkono utakubali.

Masijala yetu haihesabu barua, inahesabu mihuri ya posta. Zamani kulikuwa na shindano la sabuni, mtu mmoja akaleta katoni ya barua mia tisa alizoandika peke yake, na tangu hapo ikawa sheria: kilichofika kwa mhuri mmoja kinaandikwa mstari mmoja. Nilimfuata mkuu wa masijala nikamuuliza, "Na huu mfuko, mzee?" Hakuinua hata macho. "Posta wamepiga mihuri mingapi?" Nikasema mmoja. "Basi umejijibu."

Nikaandika: Maombi, kurudishwa kwa Kifuniko, moja.

Moja, kaka. Juu yake kuna barua tisa za watu wanaolalamikia tai ya msoma habari. Tai imewashinda.

Ningeweza kubishana. Ningeweza kusema ule mfuko umeshonwa na kaka yangu, niacheni niufungue niwahesabie. Lakini bado niko kwenye majaribio ya kazi, na karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kumpendelea shemeji yake. Nikafyata mkia. Siku ishirini bado zipo, mnaweza kuziandika upya na kutuma mojamoja. Nikikutumia hii barua leo, mnawahi.

Lakini ulivyoushona ule mfuko


20 Mei

Mdogo wangu, mdogo wangu!

Barua yako nimewasomea Masufuria wote, wamesimama hadi nje mlangoni. Uliposema umeuandikisha mwenyewe, Mwalimu Mstaafu alivua miwani akaifuta. Mshona Viatu alinuna dakika mbili kwa sababu ya birika lake, kisha akanikumbatia na gundi mikononi.

Sasa sikiliza hili. Siku ileile nilimwandikia Chiriku: shangazi yako ameandikisha barua zote, Kifuniko yuko njiani. Na amejibu! Kurasa mbili, mbele na nyuma. Anauliza nani alichora vile vidole vya Kifuniko, anauliza kama Mshona Viatu ni mtu kweli au nimemtunga. Anasema shule ikifungwa mwezi wa saba labda aje, tutazame pamoja. Labda, ameandika labda, lakini ameandika. Tangu mimi na mama yake tuachane hajawahi kusema atakuja. Nimeisoma hadi karatasi imelainika.

Nina ombi dogo. Niandikie idadi kama ilivyo kwenye daftari, kwa mkono wako, niibandike ukutani. Na Mshona Viatu anataka kumwandikia mkuu wa kituo barua ya shukrani kwa kupokea barua zetu mia nne na kumi na mbili. Amekwishaanza, ana maneno mazito kweli.

Kaka yako,
Fundi


23 Mei

Kaka,

Naandika haraka, watu wa posta wanapita saa nane.

Idadi ni kama ulivyotuma.

Tafadhali, nakuomba kwa heshima zote, Mshona Viatu asimwandikie mkuu. Mkuu wetu hapendi kusukumwa, na barua ya shukrani kabla ya uamuzi ataiona kama mtego. Mwambie aiweke hadi kikao kipite. Mwambie ni mimi nimesema. Usiniulize zaidi, kaka, niamini tu.

Mkuu wa masijala yuko likizo hadi mwezi ujao. Kuna jambo dogo nataka kuzungumza naye akirudi. Halikuhusu.

Nimefurahi sana kwa ajili ya Chiriku.

Mdogo wako


30 Mei

Dada,

Nimekaa na barua yako siku tatu kabla ya kujibu, kwa sababu niliona nikijibu siku ileile nitakuvunjia heshima.

Nimeelewa. Una kazi ya ofisini, una mhuri na ufunguo, na kaka yako ni fundi cherehani mwenye miaka arobaini na mbili anayelilia katuni. Hutaki wakubwa wako wajue kwamba mwenyekiti wa wale watu wa mfuko ni ndugu yako wa tumbo moja. Ungesema tu. Ungesema, "Kaka, unanitia aibu," ningekaa kimya. Badala yake unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mara mkuu hapendi kusukumwa, mara halinihusu.

Nilipokuwa nakushonea sare ya shule kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, hukuona aibu. Lakini tuyaache hayo.

Barua ya Mshona Viatu ilishatumwa kabla yako haijafika. Hata ingechelewa nisingeizuia.

Kuhusu Chiriku, ameandika tena. Hasemi tena labda.

Fundi


5 Juni

Kaka yangu,

Hii naituma leo hii.

Sikuwahi kukuonea aibu, hata siku moja, hata zile sare zilipokuwa na mkono mmoja wa maua. Ninayestahili aibu ni mimi. Mfuko wako niliuandika kama barua moja. Ndiyo sheria ya hapa: mhuri mmoja wa posta, mstari mmoja kwenye daftari, hata kama ndani kuna barua elfu. Nilijua tangu siku ulipofika. Nilikuandikia ukweli siku ileile, barua ikabaki kwenye droo, haina hata mwisho. Kila asubuhi nilisema leo naituma. Kisha ikaja barua yako kuhusu Chiriku na kurasa zake mbili, nikaona nikisema ndiyo nimeziua. Uliponiuliza idadi nikakudanganya. Nilijipa moyo kwamba mkuu wa masijala akirudi nitamwomba turekebishe kimyakimya, na wewe usingejua kamwe kwamba mfuko wako uliwahi kuandikwa moja.

Amerudi juzi. Barua ya Mshona Viatu imemtangulia. Mkuu wa kituo aliisoma, akaitisha taarifa ya Mei, akaona moja. Wakaniita. Mkuu wa kituo ana sauti ya chini, ndiyo inayotisha. Akaniuliza, "Hizi mia nne na kumi na moja umezipeleka wapi?" Alidhani nimezificha au nimezitupa. Nikafungua kabati, nikawaonyesha mfuko. Wakaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nikasema aliyeushona ni kaka yangu. Nilisema wazi, kaka, mbele ya watu wanne.

Daftari la Mei limeshafungwa. Kikao ni tarehe kumi na tano, na mimi nimeambiwa nisubiri barua yangu. Sijui ni ya onyo au ya kunifukuza. Kila mlango ukifunguliwa nashtuka.

Kama ningekuambia tarehe kumi na moja Mei, mngekuwa na siku ishirini. Nimezila mimi siku zenu. Sina cha kujitetea.

Mdogo wako


10 Juni

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliipiga chini.

Unajua nilichokasirikia zaidi? Siyo hiyo moja. Moja ni kosa langu pia, mimi na mbwembwe zangu za turubai, nilitaka wausikie uzito. Nilichokasirikia ni kwamba nilikuuliza, ukaniambia idadi ni kama nilivyotuma, nami nikaibandika ukutani. Wateja wanakuja kupimwa suruali nawaonyesha ukuta. Mwandiko wako uko pale, juu ya kioo.

Nimewaambia Masufuria. Mwalimu Mstaafu akatoa karatasi akaanza kuandika upya. Akasema daftari likifungwa hufunguliwa, si jeneza. Tangu jana tumepata barua tisini na saba, kila moja na bahasha yake na stempu yake. Wengine wamechoka, wengine wamesema waliandika kwa moyo mara ya kwanza na moyo hauandiki mara mbili. Siwalaumu. Zitakufikia kabla ya kikao kama posta wana huruma. Ziandike moja moja. Usiniambie umeziandika, ziandike tu.

Chiriku sijamwambia. Nimejaribu mara mbili, nikaishia kumwelezea hali ya hewa.

Wakikufukuza, njoo huku. Chumba ni kidogo lakini utapata pa kuweka kichwa. Bado nina hasira na wewe, uje hivyohivyo.

Fundi


17 Juni

Kaka,

Zilifika tarehe kumi na nne, saa tano asubuhi, zote tisini na saba. Niliziandika moja moja hadi saa tisa, mistari tisini na saba, mkuu wa masijala amesimama nyuma yangu. Asubuhi iliyofuata alilibeba daftari mwenyewe akaingia nalo kikaoni. Nilimwona mlangoni akiweka tai sawa.

Hawakulifungua. Kikao kilitumia taarifa ya Mei. Kifuniko alikuwa jambo la sita, likapita kwa muda wa mtu kunywa maji. Nilimngoja mkuu wa kituo kwenye ngazi, nikamuuliza, sijui nilipata wapi ujasiri. Akasimama. Akasema, "Mia nne, tungezungumza. Moja hatukuisoma hata kwa sauti." Nikamwambia sasa zipo, mzee, zihesabu. Akasema kanda zimeshapelekwa kwa watu wa mpira.

Nilishuka hadi kwenye chumba cha kanda. Nilizikuta kwenye toroli, kumi na tatu, vibandiko vyake vimeshabanduliwa. Niliomba nitazame hata moja, nijue tu nyuma ya mlango kuna nini, nikuandikie. Fundi wa mitambo akaniambia ameshafuta saba, na hizo nyingine hana ruhusa. Nikapanda juu nikaendelea na kazi.

Mimi nimepewa onyo kwa maandishi na miezi sita mingine ya majaribio. Kazi ninayo. Naona aibu kukuandikia sentensi hiyo.

Ningetaka kusema nisamehe, lakini msamaha nakuachia wewe uutamke kwa wakati wako.

Mdogo wako


22 Juni

Mwanangu Chiriku,

Hii barua imenichukua siku tatu na karatasi nyingi, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Kifuniko harudi. Zile kanda zimefutwa. Hatutajua kamwe aliyekuwa nyuma ya mlango, wala mimi wala wewe wala Mshona Viatu, ambaye ni mtu kweli, na tangu juzi hajafungua banda lake.

Nilikuambia yuko njiani, na sikuwa na uhakika. Nilizituma barua zetu zote kwenye mfuko mmoja, zikahesabiwa moja. Shangazi yako alijua akaogopa kuniambia. Usimchukie. Alinyamaza ili nisikose barua zako, na mimi nilikunyamazia wiki mbili kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo siwezi kumnyooshea kidole. Nimemwandikia kwamba yameisha kati yetu. Hayajaisha kabisa, lakini yataisha.

Ninalotaka kukuuliza ni gumu kuliko hilo. Ulisema utakuja tutazame pamoja. Sasa hakuna cha kutazama. Hapa kuna chumba kimoja, pazia katikati, cherehani, na mimi. Sijui kama hicho kinatosha kwa mtu wa umri wako. Ukisema huji tena nitaelewa, wala sitakusumbua kwa maneno. Ila naomba usiniandikie mistari minne. Kama ni hapana, iandike ndefu.

Baba yako


28 Juni

Baba, shikamoo.

Nina jambo la kukuambia na naogopa, kwa hiyo usisome mbele za watu.

Kifuniko nilimwacha tangu sehemu ya kumi na tano. Siyo kwamba ni mbaya, nilikua tu. Kila Jumamosi nilikuwa nafungua runinga dakika tano za mwisho, nipate cha kukuandikia. Yanayotangulia namuuliza mwenzangu wa dawati Jumapili nikipita kwao, ananieleza huku ananicheka. Zile barua zote ulizokuwa unazisubiri Jumatano, nusu yake ni maneno ya huyo mwenzangu. Nisamehe.

Walipomkata, nilikaa na karatasi Jumapili tatu mfululizo. Nilikuwa sijui baba na mtoto huandikiana nini kama hakuna katuni. Nikaandika ile mistari minne nikaona hata wewe utaona sina kitu, nikaacha. Nilidhani na wewe umeacha. Uliposema anarudi, nilifurahi mpaka mama akashangaa. Sikufurahia katuni, baba. Nilifurahi kwamba tumepata tena cha kusema.

Ulivyoniuliza kama chumba na cherehani na wewe vinatosha, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi kidogo.

Shule inafungwa tarehe nne. Mama amekubali. Basi linafika huko tarehe tano, saa nne asubuhi. Nimekuwa mrefu kuliko mama sasa, na nywele nimekata, kwa hiyo usiangalie mtoto, angalia mtu. Sijui tutaongea nini siku zote hizo.

Nijibu upesi. Nguo nimeshapanga, lakini kama umebadilisha mawazo naweza kuzipangua.

Chiriku